Sweta Linalofunguka Begani

Chini ya kitanda changu kuna mfuko wa kitenge wenye vipande vya masweta. Migongo mitatu, vifua viwili, mikono saba, na ukosi mmoja ambao sikumbuki ulikuwa wa sweta gani. Vyote vimefumwa vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu kila kipande nilikifumua na kukifuma upya si chini ya mara mbili. Kasoro yao ni moja tu: hakuna kilichowahi kushonwa na mwenzake. Nilifuma karibu kila siku kwa miaka mitatu bila kumaliza hata sweta moja.

Kufuma kwenyewe hakunitishi. Ukikosea unafumua, na uzi haukumbuki kosa. Kinachonitisha ni yale yanayofuata. Kipande kinapotoka kwenye sindano huwa kimejikunja kingo kama karatasi iliyoachwa juani, na hakilingani na kipimo ulichokikusudia. Inabidi ukiloweshe, ukikamue ndani ya taulo bila kukisokota, ukitandaze, ukivute taratibu mpaka kifikie kipimo, ukipige pini kuzunguka kingo zote, kisha ukiache kikauke hapo hapo. Kikikauka kimeshika umbo lake. Baada ya hapo unashona kipande na kipande, unaficha ncha za nyuzi, unaweka vifungo. Hapo ndipo huwezi tena kudanganya. Kipande peke yake bado ni ahadi. Nguo iliyomalizika ni jibu, na mimi siku zote niliogopa kwamba jibu langu litakuwa baya.

Hakuna aliyenifundisha. Nilianza wakati wa korona, tulipofungiwa ndani, kwa kutazama video kwenye simu. Wanawake wa nchi za baridi wanafuma wakiongea lugha ambazo nyingine sizijui. Nilizitazama bila sauti, kwa sababu nilikuwa nakaa dukani na vyerehani vilikuwa vinalia, na pia kwa sababu sikupenda mtu asikie kwamba bado najifunza. Nilijifunza kwa macho peke yake. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Duka ni la shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Liko mtaa wa Nyamirambo, nasi tunaishi vyumba vya nyuma. Shangazi anashona magauni, mabaibui na suti za vitenge kwa zaidi ya miaka thelathini. Cherehani cha pili ni cha fundi mwenzake, mama aliyekulia Bukoba akarudi huku kwetu na wazazi wake akiwa msichana, na ambaye mpaka leo akikasirika anakasirika kwa Kihaya. Shangazi ana tabia moja ambayo wateja wote wanaijua. Ukimletea nguo, ya kwake au ya fundi mwingine, haitazami nje. Anaipindua kwanza. Anapitisha kidole gumba juu ya mishono ya ndani, polepole, kama mtu anayesoma, halafu ndipo anairudisha na kuuliza mteja anataka nini. Nimeona mafundi wazima wakijikuna shingo huku wakingoja kidole hicho kifike mwisho.

Jambo jingine: shangazi hajawahi kuvaa nguo iliyoshonwa na mtu mwingine. Hata gauni lake la harusi alilishona mwenyewe.

Mwaka jana bega lake la kulia lilikataa kazi. Lilikuwa likimuuma kwa muda mrefu, akawa anasema ni baridi. Siku moja aliinua mkono kuchukua kitambaa rafuni, mkono ukabaki katikati, hauendi juu wala haushuki. Daktari katika hospitali moja upande wa Kanombe alisema kuna kano zimechanika, zitashonwa, na baada ya hapo mkono utaning'inizwa kwenye kitambaa kwa wiki sita bila kunyanyuliwa hata kidogo. Alimpa tarehe, Jumanne, wiki tano mbele.

Tuliporudi, shangazi hakukaa. Alisimama mlangoni mwa duka, mkoba bado uko begani, bega la kushoto.

"Nitavaa nini?" aliuliza. "Gauni halipiti kichwani bila kunyanyua mikono. Shati la kufungua mbele, mkono huu siwezi kuupeleka nyuma niutie kwenye tundu lake."

"Jifunge khanga, dada," alisema fundi mwenzake. "Wagonjwa wote si wanajifunga khanga?"

"Khanga inaanguka. Na wodi ile ina baridi. Nilimuuguza mama pale, najua." Kisha akanigeukia. "Wewe. Nifumie sweta."

Nilidhani anatania. Alichukua chaki ya kukatia akajichora mwenyewe juu ya baibui jeusi, kuanzia shingoni, akapita juu ya bega, mpaka kwenye kiwiko.

"Lifunguke hapa. Kichwa kiingie, mkono wa kushoto uingie, halafu huku kulia nijifunike na kufunga. Vifungo vinne vinatosha. Mkono wa kulia uishie kwenye kiwiko, huko chini kutakuwa na kitambaa cha hospitali."

"Mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi?" niliuliza.

"Umeogopa?"

"Nimeuliza tu."

"Injinia ameogopa," fundi mwenzake alisema bila kuacha kukanyaga cherehani. Aliniita injinia kwa sababu ya rula yangu. "Vipimo havilingani, hatalala leo."

Shangazi hakucheka. "Nisikilize. Vifungo hivyo niweze kuvifunga na kuvifungua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Mimi nimevalisha nusu ya mtaa huu. Sitaki mtoto wa watu anivue na kunivisha kama kikongwe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Una wiki tano. Tangu korona unafuma na hujanionyesha nguo. Nionyeshe moja."

Nyuzi za sufu safi ni shida kupata mjini. Zinazouzwa kwa wingi ni za plastiki, zinang'aa, na ukizilowesha na kuzitandaza zinarudi zilivyokuwa mara tu ukitoa pini. Kwa hiyo huwa nanunua masweta ya mitumba na kuyafumua. Nilipanda basi mpaka Kabuga, kwa mama mmoja anayeuza caguwa, nguo za mitumba, sokoni. Nilipindua masweta yake moja baada ya jingine, maana sweta linalofaa kufumuliwa linajulikana kwa ndani. Kama mishono imekatwa na mashine, kila mstari utatoka kipande kifupi na hutapata uzi wa maana. Kama kingo zimeshonwa bila kukatwa, uzi unatoka mmoja mrefu mpaka mwisho.

"Dada, mbona unapindua pindua?" aliniuliza. "Utavaa ndani iko nje?"

"Natazama mshono."

"Mshono iko sawa. Hii iko sufu ya kweli, gusa, iko moto."

Niligusa. Lilikuwa sweta la mwanamume mkubwa sana, rangi ya maziwa, na kingo zake hazikuwa zimekatwa. Nyumbani nilichoma ncha ya uzi kwa kiberiti, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, haikuyeyuka. Sufu. Nililifumua siku mbili, nikazungusha uzi kwenye migongo ya viti viwili, nikauosha, nikauanika na chupa ya maji ikining'inia chini ili mikunjo inyooke. Halafu nilifuma kipande cha majaribio, nikakipima, nikakiosha, nikakikausha juu ya taulo, nikakipima tena. Niliandika kila kitu kwenye daftari. Naeleza haya ili ijulikane kwamba sikuwa mzembe. Nilijaribu kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichokuja kuniangusha, kwa sababu kipande cha majaribio kilikuwa kidogo na sikukipiga pini.

Kifua kilinichukua muda mrefu kuliko vipande vingine. Nilikifuma pamoja na nusu ya mbele ya ule mkono mfupi, kikawa na ukingo mmoja mrefu kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko. Ukingo huo ndio ungebeba vifungo. Upande wa pili, kwenye mgongo, nilipanga kuweka vitanzi vya uzi vya kuvishika. Nilikifumua mara tatu. Mara ya tatu shangazi alinikuta nikifumua, akasimama, akatazama uzi ukikimbia, akaondoka. Sikufumua tena baada ya hapo.

Alhamisi kabla ya Jumanne yake, vipande vyote vilikuwa tayari. Nilivilowesha kwenye beseni nusu saa, nikavikamua ndani ya taulo kwa kuzikanyaga taulo kwa miguu mitupu, nikainua godoro langu la ziada na kulitandika sakafuni na shuka juu yake. Nilipima kwa rula. Nilivuta. Nilipiga pini kila baada ya vidole viwili. Nilikuwa na pakiti ya pini zenye vichwa vya rangi nilizozinunua makusudi, nikatandaza mgongo, mkono wa kushoto, na sehemu kubwa ya kifua. Nilipofika kwenye ukingo ule mrefu, pini ziliisha. Zilikuwa zimepungua kumi na moja.

Shangazi alikuwa dukani na mteja. Juu ya rafu kulikuwa na kopo lake la pini za zamani, pini za chuma, nyembamba, kali kuliko zangu. Katika nyumba ya mshonaji pini ziko kila mahali, kwenye zulia, kwenye sabuni, kwenye mkate mara moja. Sikuwahi kufikiri juu ya pini. Nilichukua kumi na moja nikazichomeka moja baada ya nyingine, kwa mstari ulionyooka kabisa. Nilipiga picha. Nilifurahi, na huwa sifurahi mara nyingi.

Ilikuwa mwezi wa nne. Mvua ilinyesha Alhamisi ile, Ijumaa yote, na usiku wa kuamkia Jumamosi. Sufu nene haikauki katika hali hiyo. Kila baada ya saa mbili niliingia chumbani kugusa, nikakuta ubaridi ule ule. Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, asubuhi nilikwenda na majirani kuzibua mtaro uliojaa matope, na wakati wote nilikuwa nawaza juu ya godoro langu. Nilirudi mchana, nikanawa mikono mara mbili, nikagusa. Kavu.

Nilianza kung'oa pini kutoka upande wa kushoto. Zenye vichwa vya rangi zilitoka safi. Ile ya kwanza ya chuma ilikataa kidogo, kama imeshikwa, na ilipotoka iliacha duara la rangi ya udongo wa barabarani. Niling'oa ya pili. Nikang'oa zote. Madoa kumi na moja, yenye ukubwa wa punje ya dengu, yamejipanga kwa umbali sawa kwenye ukingo wa mbele, mahali ambapo mtu akikutazama usoni lazima ayaone.

Nilikaa sakafuni. Nakiri kwamba jambo la kwanza nililofanya ni kurudi kwenye ile video niliyojifunzia kupiga pini, na safari hii nilivaa vipokea sauti. Mwanamke anayefundisha aliinua pini moja mbele ya kamera na kusema, kwa Kiingereza rahisi kabisa, kwamba zitumike pini zisizoshika kutu tu. Nilikuwa nimeitazama video ile labda mara ishirini.

Nilifikiri kufumua kifua chote. Kilinichukua siku tisa na nilikuwa na siku mbili. Jumapili nilikamua malimau, nikachanganya na chumvi, nikapaka, nikatoa nje kwenye jua. Jua lilikuja dakika ishirini likaondoka. Nikasuuza, nikapaka tena. Rangi ya udongo ikawa rangi ya chai ya maziwa. Kila doa likawa limepauka na limetanuka. Nilipiga pasi juu ya kitambaa chenye maji, kwa mbali, bila kugandamiza, ili ukingo unyooke tena. Ukanyooka. Madoa yakabaki.

Jumatatu asubuhi shangazi alikuwa anapanga vitu vya hospitali kwa mkono mmoja.

"Sweta liko wapi?"

"Halijakauka," nilisema.

"Tangu Alhamisi?"

"Ni mvua."

Alinitazama. Fundi mwenzake naye aliacha kukanyaga cherehani.

"Sawa," alisema shangazi. "Nitaingia na khanga."

Alizipa khanga zake mbili nafasi ile iliyokuwa ya sweta kwenye begi, akafunga zipu kwa meno na mkono wa kushoto kabla sijafika kumsaidia. Nilimsindikiza kwa teksi mpaka Kanombe. Njiani aliongea na dereva juu ya bei ya viazi. Nilikuwa nimemdanganya mtu anayekwenda kupasuliwa, kwa ajili ya madoa.

Niliporudi, nilishona vipande pamoja mchana ule ule. Huenda aibu ilinisukuma kuliko kitu kingine. Nilishona ubavu, nikashona mkono mrefu, nikaficha ncha zote ndani ya mishono, nikafika kwenye ukingo ule na hapo nikapata wazo. Vifungo vinafunika. Kifungo kimoja kina ukubwa wa doa na zaidi. Dukani kulikuwa na boksi la vifungo vyeupe vya aina moja, zaidi ya kumi na viwili. Nilishona kifungo juu ya kila doa, kumi na moja, na upande wa mgongo nikatengeneza vitanzi kumi na moja vya uzi, vidogo, vimebana, ili kifungo kisicheze na doa lisichungulie. Nilipomaliza nilitundika sweta kwenye hanga na kurudi nyuma hatua tatu.

Lilikuwa zuri. Nalisema wazi. Vifungo vile vilishuka kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko kama vimekusudiwa tangu mwanzo. Hakuna ambaye angejua. Ilikuwa nguo yangu ya kwanza kumaliza maishani, na haikuwa na kosa linaloonekana.

Jumanne shangazi aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Duka lilikuwa limefunguliwa nusu. Fundi mwenzake alishona kidogo, akasimama, akatazama simu, akashona tena. Alilitazama sweta lililokuwa kwenye hanga.

"Injinia, hili ni la bibi harusi," alisema. "Lakini kwani alisema vifungo vingapi?"

"Vinne."

"Haya."

Alirudi kwenye cherehani. Lakini mimi nimezoea kupima, na kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nimelipima. Nilichukua khanga nikamwomba anifunge mkono wa kulia kifuani, kwa nguvu, usitoke. Nikavaa sweta. Kichwa, mkono wa kushoto. Nikajifunika upande wa kulia na kuanza kufunga vifungo kwa vidole vya kushoto.

Cha kwanza, pale shingoni, sikukiona kabisa, nilikipapasa. Kitanzi kilikuwa kimebana mno, nilikipitisha mara ya nne. Cha pili mara ya sita. Nilipofika cha tano shingo ilikuwa imeniuma kwa kujipinda, na kila nilipovuta kitanzi nilihisi bega la kulia likijivuta lenyewe kusaidia, hata likiwa limefungwa. Bega langu zima. Lake lilikuwa wakati ule linashonwa. Cha tisa kiliniponyoka, nikaanza upya. Fundi mwenzake alikuwa amekaa na simu mkononi, na safari hii alikuwa ananitazama mimi. Nilipomaliza kufunga nilijaribu kuvifungua. Nilifungua vitatu, nikashindwa na cha nne, nikasikia joto la machozi.

"Nikufungulie?" aliuliza.

Aliuliza kwa upole. Ndicho kitu ambacho shangazi alikuwa amesema hataki kuulizwa.

"Dakika ngapi mpaka sasa?" nilimuuliza.

"Sikuhesabu. Nyingi."

Alinifungulia. Nilivua sweta nikaliweka mapajani, nikachukua wembe mdogo wa kufumulia. Nilikaa nalo muda. Sitaki kujifanya kwamba niliamua mara moja. Nilijaribu kwanza kufikiria njia za kubaki na vyote viwili: vitanzi vikubwa zaidi, vifungo vya uongo vya urembo tu katikati ya vile vya kweli. Lakini gizani au kwa kupapasa angewezaje kujua kipi ni cha uongo? Kila njia niliyoiwaza ilikuwa ni ya kuficha madoa yangu kwa vidole vyake.

Nilikata vifungo saba. Nikakata vitanzi vyote kumi na moja, nikatengeneza vinne vipya, vikubwa, vya uzi uliokunjwa mara mbili ili visimame wazi vyenyewe. Vifungo vinne vilivyobaki nilivibadilisha na vya mbao, vikubwa kama sarafu, vinavyoshikika. Madoa saba yakarudi kuonekana, na pembeni ya kila moja kulikuwa na nukta mbili ndogo za sindano nilikotoa kifungo. Nilijifunga tena khanga, nikajaribu. Nilifunga vyote vinne huku nikitazama mlangoni.

Saa nane simu iliita. Alikuwa ametoka, anaendelea vizuri, amelala.

Jumatano nilikwenda na sweta kwenye mfuko wa karatasi. Wodi ilikuwa na baridi kama alivyosema. Shangazi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mkono umening'inizwa, khanga imeshuka upande mmoja na muuguzi alikuwa ameifunga kwa pini kubwa ya kubana. Ndege ilipita chini sana ikielekea kutua, tukangoja ipite.

"Limekauka?" aliuliza.

"Lilikuwa limekauka tangu Jumamosi," nilisema. "Nilikudanganya."

"Najua. Lete."

Aliliweka mapajani, na kwa mkono wa kushoto akaanza kulipindua. Ilimchukua muda, sikumsaidia. Kidole gumba cha kushoto hakijazoea kusoma mishono, kilikwenda polepole kuliko kile cha kulia. Kilipita ubavu, kikapanda kwapani, kikasimama.

"Hapa ulikuwa na haraka."

"Ndiyo."

"Inaonekana." Kidole kikaendelea. "Ncha za nyuzi umezificha wapi?"

"Ndani ya mshono."

"Mh."

Akalirudisha upande wake wa nje, na hapo akayaona.

"Hii nini? Chai?"

"Kutu. Pini ziliniishia, nikachukua zile za kwenye kopo."

"Za kwenye kopo?" Alianza kucheka, akashika bega, akaacha. "Usinichekeshe. Zile pini zinatia doa hata kitambaa kikavu mvua ikinyesha. Mimi nazitumia kwenye karatasi tu. Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya pini?"

"Ya kuuliza."

Alipitisha kidole juu ya madoa, moja moja. "Si ungeyaziba kwa vifungo."

"Niliyaziba. Yote. Halafu nikajifunga mkono nikajaribu kuvaa. Ilishindikana, nikavitoa."

Aliitoa ile pini ya khanga mwenyewe, akaniambia nimshikie khanga asibaki wazi, akaingiza kichwa, akaingiza mkono wa kushoto. Nilivuta upande wa kulia ukalala juu ya bega, juu ya bandeji, bila kugusa kitu. Kisha akanitazama mpaka nikarudisha mikono yangu nyuma. Alifunga kile cha shingoni bila kukiona. Akafunga cha pili. Cha tatu alikipata mara ya pili. Cha nne kilikuwa rahisi.

Muuguzi, msichana wa rika langu, alikuja na sinia lake. "Mama, ngoja nikufungulie nione bandeji."

"Acha," alisema shangazi. Akavifungua vyote vinne, taratibu, huku msichana akisubiri na sinia mkononi. Bandeji ikatazamwa, ikaonekana iko sawa. Shangazi akaanza kufunga tena.

"Sweta zuri," alisema muuguzi. Akainama karibu zaidi. "Na hivi vidoa ni urembo?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu la kusema ndiyo.

"Ni kutu," alisema shangazi, akiwa kwenye kifungo cha tatu. "Amelifuma huyu hapa."